Parafujo ya Mashoto

Walburga Resch alizaliwa kwenye nyumba ya wino na akaolewa kwenye nyumba ya vumbi la mbao. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa karata za kuchezea katika mji mdogo wa Altenrode, na utotoni kazi ya Walburga ilikuwa kupaka wino kwenye vibao vilivyochongwa wafalme na mabibi, kisha kuvigandamiza juu ya karatasi. Kabla hajajua kusoma alikwishajua kwamba mfalme akitakiwa kushika upanga kwa mkono wa kulia, huna budi kumchonga kwenye kibao akiushika kwa kushoto. Baba alilisema hilo kila siku, kama mtu anayewakumbusha watoto kufuta miguu mlangoni.

Kisha akaja Lorenz Resch, mkereza, fundi wa kuchonga mbao zikizunguka, mwenye nywele zilizojaa vumbi la mbao na maneno machache, akamposa. Walburga akahamia mtaa wa juu, karibu na lango la kuelekea msituni. Kwa miaka mingi alizoea ngurumo ya gurudumu kubwa, na mti wa jozi unaozunguka mbele ya patasi ukitoa nyuzi ndefu zinazojikunja miguuni mwa mumewe. Watoto hawakupata. Vita virefu vilipita nchini, vikala mifugo ya watu na paa la kanisa, vikaondoka. Watu walipoanza tena kuoana na kununua vitanda, Lorenz akaanza kuunda kitu.

Kwa macho ya mpita njia lilikuwa kerezo tu, mtambo wa kukerezea kama makerezo mengine. Lakini mhimili wake ulikuwa umechongwa mwisho mmoja kama parafujo nene, yenye mfereji mpana unaouzunguka mti polepole. Bamba la chuma lilikaa ndani ya mfereji huo. Gurudumu likizungushwa, bamba liliulazimisha mhimili uzunguke huku ukisogea mbele, na nguzo iliyofungwa mwisho wa pili ilipita mbele ya bobari, patasi ya mviringo, iliyokazwa mahali pamoja. Nguzo ilitoka imesokotwa juu hadi chini kama kamba, msokoto mmoja usiopotea, ambao mkono wa mtu ungeuchonga kwa wiki nzima na bado ukayumba.

Lorenz akapata kazi yake ya kwanza na ya mwisho ya kerezo hilo: nguzo nne za kitanda cha harusi cha binti wa mwenye kiwanda cha bia. Akamaliza mbili. Wakati wa Pasaka akashikwa na homa, na kabla maua ya mipera hayajaanguka akawa amezikwa.

Baada ya matanga wazee wa chama cha wakereza walikuja karakanani. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Fundi Hartlieb, mzee wa chama, mtu mpana mwenye kofia ndefu ambayo hakuivua isipokuwa kanisani.

"Mama Resch, kanuni unaijua," alisema. "Mjane anaweza kushika karakana kama anaweza kutimiza kazi aliyoiacha marehemu, kwa mkono wa msaidizi aliyeandikishwa. Msaidizi unaye. Zimebaki nguzo mbili. Zikiwa tayari siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, muhuri wa karakana utakuwa wako."

"Na zisipokuwa tayari?"

Hartlieb akamtazama Veit aliyesimama kando ya gurudumu. Veit alikuwa msaidizi wa Lorenz, mtu wa makamo kutoka Swabia, mwenye mabega ya ng'ombe wa jembe na sauti ndogo isiyolingana nayo.

"Zisipokuwa tayari, chama kitampa muhuri mtu anayeweza kazi. Na desturi ni kwamba mtu huyo humwoa mjane ili asitupwe nje. Ni jambo la huruma."

"Huruma," Walburga alirudia. Veit aliinamisha kichwa, akawa kama anahesabu vidole vya miguu yake.

"Jambo moja," Hartlieb alisema akiwa mlangoni. "Seremala anataka mbili zisokotwe kulia na mbili kushoto, zitazamane. Gari la bibi harusi litapita mji mzima kitanda kikiwa wazi. Nguzo zote zikielekea upande mmoja, wanawake watasema mume na mke watapeana migongo kabla ya mwaka kuisha. Marehemu alisema jambo hilo ni dogo. Aliniambia, 'Mbili za mwisho nitazipindua.'"

Kauli hiyo ndiyo iliyoanza kumtesa Walburga. Nitazipindua. Angepindua nini?

Asubuhi iliyofuata alichukua nguzo moja iliyokwisha, yenye msokoto wa kulia, akaisimamisha kichwa chini miguu juu. Alitegemea msokoto uelekee kushoto. Haukuelekea. Akaigeuza tena, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafunga jicho moja. Ile ile.

"Veit, hebu njoo uniambie unaona nini."

Veit akaja, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. "Naona nguzo, Mama Fundi."

"Msokoto unaelekea wapi?"

"Unapanda kulia."

"Igeuze."

Akaigeuza. "Unapanda kulia."

"Inawezekanaje? Kikombe nikikigeuza, mdomo unakuwa chini. Wewe nikikugeuza, miguu inakuwa juu. Hii nguzo ina nini hata isigeuke?"

"Hata ukiilaza, Mama Fundi," Veit alisema, "inalala kulia vile vile."

Walburga hakujua kama anamsaidia au anamcheka. Hilo lilikuwa tatizo la pili. Mtu yule alikula mezani pake, alizungusha gurudumu lake, na Walburga akishindwa, Veit angeamka asubuhi akiwa na karakana na mke. Kila alipomwona akitabasamu peke yake, moyo ulimuuliza: huyu anafurahia nini?

Wazo la pili lilimjia akiwa amekaa kwenye gurudumu la kusokotea uzi. Kila mwanamke anajua kwamba ukitaka uzi usokotwe upande wa pili, unaipishanisha kamba ya gurudumu iwe kama msalaba, na kijiti cha uzi kinazunguka kinyume. Akainuka mbiombio, akaacha sufu imelala sakafuni, akaenda karakanani na kuipishanisha kamba ya gurudumu kubwa kwa mikono yake. Wakafunga kipande cha mti wa kujaribia. Veit akazungusha. Mhimili ukazunguka kinyume, kweli kabisa, lakini badala ya kusonga mbele ukarudi nyuma. Bobari ikakata. Walipokifungua kile kipande na kukipeleka penye mwanga, msokoto ulikuwa wa kulia.

Walburga akakaa juu ya rundo la nyuzi za mbao.

"Nimegeuza nguzo, imekataa. Nimegeuza gurudumu, limekataa. Sasa nigeuze nini? Nyumba?"

"Marehemu alikuwa anajua," Veit alisema.

"Marehemu alikuambia?"

"Hapana. Mimi aliniambia nizungushe."

Jumatatu ya kufua, wifi yake Gundel, mke wa kaka yake aliyerithi kibanda cha karata, alikuja kama kawaida wafue pamoja mtoni. Gundel alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata wino hata siku ya Krismasi. Walishika shuka moja, kila mmoja mwisho wake, wakaanza kuikamua.

"Wifi, shika vizuri, unaniachia maji yote," Gundel alisema.

Lakini Walburga alikuwa ameganda. "Wewe unasokota wapi?"

"Kulia. Kama kila siku."

"Mimi pia nasokota kulia."

"Basi?"

"Tumetazamana, Gundel. Kulia kwako ni kushoto kwangu. Kwa nini hatufumuani?"

Gundel akaangalia shuka iliyokakamaa kati yao, ikichuruzika. Akaangalia mkono wake. "Sijui," alisema, na sauti yake ikawa na hasira kidogo. "Nimefua tangu nikiwa na meno ya utoto sijawahi kujiuliza ujinga huo. Sasa umeniharibia. Kamua!"

Walburga alimwachia mwisho wake, akazunguka akaenda kusimama upande wa Gundel, akaitazama shuka kutoka kule. Ilikuwa imesokotwa vile vile kama alivyoiona kutoka kwake. Basi ndivyo ilivyo, aliwaza: kitu kilichosokotwa hakina kichwa wala miguu. Lakini kujua hivyo hakukumpa msaada wowote. Ni kama kujua jina la ugonjwa.

"Olewa tu," Gundel alisema wakianika. "Veit si mbaya. Hapigi kelele. Anakula kama farasi, lakini farasi nao huwa na faida."

"Simtaki."

"Nani aliyesema kutaka? Mimi nilimtaka kaka yako? Nilitaka nyumba yenye jiko la vigae."

"Mimi nataka karakana, wifi. Nimeivuta hewa yake nusu ya maisha yangu. Nikifumba macho najua huu ni mti wa jozi na huu ni wa pea kwa harufu tu. Nikiwa mke wa Veit nitakuwa mpishi ndani yake."

Gundel alichukua kibanio mdomoni akakibana kwenye shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka msituni siku ile parafujo ilipopasuka. Walikuwa wanajaribu jambo jingine lisilo na kichwa, kuilazimisha bobari ikate ikiwa imegeuzwa, na ghafla ukasikika mlio kama wa kokwa linalovunjwa. Ufa ukapita kwenye parafujo ya Lorenz kutoka mfereji hadi mfereji.

Walburga akamgeukia Veit. "Umefanya makusudi."

"Mimi?"

"Umevuta kwa nguvu. Siku zote huvuti hivyo."

"Umeniambia nivute, Mama Fundi."

"Nilikuambia uvute, sikukuambia uvunje! Nguzo zisipopatikana nani anakuwa fundi? Nani anapata muhuri? Si wewe?"

Uso wa Veit uliiva. Akachukua kofia yake, akatoka, akamwacha Walburga na parafujo iliyopasuka mapajani kama mtoto mgonjwa.

Akakaa akiishika. Sasa hata ya kulia hana. Angalau hiyo alipaswa kuwa nayo. Kwa hiyo lile wazo la kushoto akaliweka kando. Akaamua kutengeneza parafujo nyingine iliyo sawasawa na ya Lorenz, ili siku ya Martin ikifika awe na kerezo linalofanya kazi, awaonyeshe wazee hata nguzo mbili za upande mbaya, awaombe. Kanuni ilisema mwanamke asikereze mguu wa samani. Kuhusu parafujo haikusema kitu.

Na kwa kuwa alikuwa binti wa mpiga chapa, alipotaka nakala ya kitu mkono wake ulikwenda kwenye wino. Alifunga ufa kwa uzi, akachanganya masizi na mafuta, akapaka kingo za parafujo, akaiviringisha juu ya karatasi pana aliyoiomba kwa Gundel. Ilikuwa karatasi nene ya kufungia karata, maana nyembamba ilikuwa imekwisha. Chapa ikatoka nzuri: mistari mipana ya mshazari, imepangana kama mvua ya upepo. Akaandaa gogo la mti wa pea, akalipima unene likawa sawa na la zamani. Ilibaki kubandika karatasi juu ya gogo na kuchonga mfereji kwa kufuata mistari.

Baba yake alikuwa akibandika chapa uso chini, kisha anaikwangua mgongo ikiwa na unyevu hadi mistari ionekane. Walburga alilikumbuka hilo. Lakini karatasi ile nene ingekwanguliwa hadi siku ya kiama. Alijaribu pembe moja, ikatoka madonge. Alikuwa amechoka, macho yanamwasha, na mistari ya mshazari si mfalme. Haina upanga wa kushika kulia wala kushoto. Akaibandika uso juu, ili aione vizuri.

Alichonga kwa msumeno na patasi kila saa ya mwanga aliyoipata. Veit alirudi kesho yake, akakuta kazi inaendelea, akaanza kufagia. Hawakusemeshana zaidi ya chumvi na mkate. Parafujo ilipokamilika waliipachika kwenye kerezo pamoja, na hapo bamba la chuma likakataa kuingia mferejini.

Walburga akasukuma. Likakataa. Akahisi machozi yanapanda. "Nimeiharibu. Mfereji umekuwa mwembamba."

Veit akapiga magoti, akaweka shavu karibu na bamba, akatazama kwa muda mrefu mpaka Walburga akadhani amesinzia. "Si mwembamba," alisema. "Bamba limelala huku. Mfereji unalala kule."

"Unasemaje?"

"Vinapingana, Mama Fundi. Kama watu wanaopishana kwenye ngazi."

Akalegeza bamba, akaliinamisha upande wa pili, akalikaza. Likaingia mferejini kama kisu kwenye ala yake. Wakafunga kipande cha mti. Veit akakamata gurudumu, lakini safari hii alizungusha taratibu sana, kana kwamba kuna mtu amelala. Walipokifungua, Walburga akakiweka kando ya nguzo ya Lorenz iliyoegemea ukutani.

Vilitazamana.

Hakushangilia. Alikigeuza kile kipande juu chini, akakigeuza tena, na kwa mara ya kwanza akafurahi kwamba kimekataa kugeuka. "Nimefanya nini?" alisema. "Nilikuwa nanakili. Nilitaka ile ile."

Akamwita Gundel. Gundel akaja na vidole vyake vyeusi, akasikiliza yote, akaitazama parafujo ambayo bado ilikuwa na mabaki ya karatasi kwenye kingo, akacheka hadi akashika ubavu.

"Wewe, wifi, umebandika uso juu! Baba yako angekuchapa. Mfalme wako ana upanga mkono wa kushoto!"

"Lakini nguzo niliigeuza ikakataa. Gurudumu nililigeuza likakataa. Karatasi nikaibandika kivivu, ndiyo ikageuka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Gundel akafungua mdomo kueleza. Akanyanyua mkono wa kulia, akaunyanyua na wa kushoto, akaviviringisha vidole hewani, akavitazama. "Kwa sababu," alisema. Kisha: "Ngoja." Kisha akasema ana sufuria motoni, akaondoka.

Siku ya Mtakatifu Martin, harufu ya bata bukini wa kuokwa ikiwa imejaa mtaa mzima, Hartlieb na wazee wawili walifika. Nguzo nne zilikuwa zimesimama ukutani mbili mbili. Hartlieb alizikagua kwa kidole. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akasema, "Isije ikawa mmegeuza tu zile za marehemu," akaichukua moja, akaipindua kichwa chini.

Akaitazama. Akaipindua tena. Mzee wa pili akamwambia amekosea, ampe yeye. Akaipindua. Wa tatu akashauri wazilaze zote sakafuni, na baada ya kuzilaza hakuna aliyekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Walburga alisimama na mikono ndani ya aproni, akiuma midomo. Alitamani kuwaambia wasijisumbue, lakini aliona si vibaya nao wapite njia ile.

"Umefanyaje?" Hartlieb aliuliza mwishowe, akihema.

"Nimebandika karatasi vibaya, Fundi."

Hartlieb alimtazama kama anayepima kama ni matusi. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akauweka juu ya kerezo, mbele ya Walburga.

Walipoondoka, Veit alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba vumbi la mbao lilipeperuka mezani. "Mungu ashukuriwe," alisema. "Nimefunga kula nyama kila Ijumaa na Jumatano tangu wazee walipokuja, nikiomba ufaulu."

Walburga akageuka. "Ulikuwa unaniombea mimi?"

"Nilikuwa najiombea, Mama Fundi. Wangeniozesha." Akaona sura yake, akaharakisha. "Si kwa ubaya. Mimi gurudumu linanitosha. Halafu wewe unaficha soseji."

Miezi yote ile alikuwa amemwogopa mtu huyu, na mtu huyu alikuwa anamkimbia. Walburga alipaswa kufurahi. Badala yake akajikuta anauliza, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, "Kwani nina kasoro gani?"

Veit akatazama vidole vya miguu yake, na swali hilo halikupata jibu siku ile wala baadaye, ingawa alibaki kuzungusha gurudumu katika karakana ya Mama Resch hadi nywele zao wote wawili zikawa nyeupe bila msaada wa vumbi.

Gari la bibi harusi lilipita wiki iliyofuata, kitanda kikiwa juu, mito imetunishwa, nguzo mbili zikipanda kulia na mbili kushoto. Wanawake waliojipanga barabarani walitafuta kosa hawakuliona. Walburga alisimama na Gundel penye kona ya kisima. Ng'ambo ya barabara alimwona Fundi Hartlieb. Mzee wa chama alikuwa ameinamisha kichwa begani, akakiinamisha zaidi, kiuno kikapinda, akijaribu kuziona nguzo kichwa chini huku gari likitembea, mpaka kofia yake ndefu ikaanguka matopeni.

"Ana nini yule?" Gundel aliuliza.

"Mwache," Walburga alisema. Alimwonea huruma. Kisha naye, bila kutaka, akainamisha kichwa kidogo.